Maneno Aliyotumwa Binti Yangu

Nilipoolewa kijijini Nkunga nilikwenda na mabegi mawili na Kiswahili changu. Nimezaliwa Msasani, Tukuyu mjini, kwa mama aliyeuza vitenge na aliyetaka wanawe waongee kama watangazaji wa redio. Kinyakyusa tulikisikia alipogombana na majirani, nami nikakiokota hivyo hivyo, kwa kudokoa. Nilikielewa chote. Sikukisema, na nilijivunia kutokisema.

Siku ya kwanza nilipomwona baba mkwe nilimfuata uani, nikapiga goti kidogo, nikamwamkia shikamoo. Alinigeuzia kisogo, akakohoa, akapotelea migombani. Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba kwa mila mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Akija huku, wewe unapita kule, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Wengi wameshaiacha, alisema, ila mzee huyu ni wa zamani. Mila hiyo niliwahi kuisikia, nikadhani ilizikwa na bibi zetu. Akili ilimwelewa wifi, moyo ulikataa. Mimi mwalimu mzima, mtu ananikimbia kama nimekuja kumdai! Nikajiapiza kwamba kilugha chao hakitatoka kinywani mwangu, wala mwa mtoto wangu.

Nilitimiza. Binti yangu alipoanza kuleta maneno ya Kinyakyusa kutoka kwa watoto wa jirani, nilimkemea. Nilimwambia hiyo siyo lugha yetu. Mume wangu, dereva wa lori la ndizi, siku nyingi alikuwa njiani kwenda Dar. Akirudi ananung'unika kidogo, kisha anapitiwa na usingizi. Watu walinisifu kwamba mtoto wangu anaongea kama wa mjini, na mimi kichwa kikavimba.

Jambo moja sikulipima. Baba mkwe akitaka kusema na mke wa mwanawe, humtuma mtoto. Mtoto ndiye mdomo wao. Mzee alikuwa mjane, wifi akaolewa Igogwe, na mume wangu akisafiri tulibaki watatu tu uani pale. Kiswahili cha mzee kilikuwa cha mnadani: bei gani, punguza, asante. Basi alimwita mjukuu wake, akampa maneno, na mjukuu akaja jikoni hana kitu. Babu amesema. Amesema nini? Sijui. Na mimi nikicheka. Kweli kabisa, nilikuwa nacheka. Nilimwona mzee amenaswa na mila yake mwenyewe.

Hakuacha kutuma. Maneno yalipogonga mwamba alituma vitu: maparachichi matatu juu ya jani la mgomba, maziwa mgando, kuni alizozikata fupi zitoshee jiko langu. Mimba yangu ya pili ilipotoka, asubuhi moja nilikuta njia yote ya kisimani imefyekwa na kufagiliwa ili nisiteleze, na kikohozi chake kinasikika kwa mbali. Sikumtumia hata "ndaga", asante yao, ambayo mgeni wa siku mbili huwa ameshaijua. Niliogopa kwamba nikianza na hilo moja, angejua nafahamu na mengine yote. Nilijificha nyuma ya kutojua huko miaka tisa.

Masika ya mwaka juzi mzee alianguka shambani, majirani wakambeba mpaka kitandani kwake, na hakuinuka tena. Mume wangu lori lilimharibikia Morogoro, majirani walikuwa wamerudi kuchuma chai. Binti yangu alikaa na babu yake, mimi nikawa jikoni, chumba cha pili, nampikia uji. Nikamsikia mzee anaanza kuongea. Aliongea muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia, lakini mvua ilikuwa inapiga bati na neno halikamatiki. Ningesogea hatua tano, nikasimama nje ya ukuta wake, mila isingevunjika na ningesikia kila kitu. Sikusogea. Nilijiambia uji utaungua. Uongo mtupu. Niliona aibu kusikiliza, kwa sababu aliyesikia hawezi tena kudai kwamba haelewi.

Binti yangu aliingia macho mekundu.

"Babu amesema maneno mengi, mama. Alikuwa ananyoosha kidole huku kwako."

"Amesema nini?"

"Ulisema hiyo siyo lugha yetu."

Nilipiga magoti kwenye majivu, nikamshika mabega. Nikamwomba anirudishie hata sauti tu, hata neno moja lililovunjika, mimi nitaliunga. Alinitazama kwa mshangao, maana hakujua kwamba mama yake anaielewa lugha ya babu. Akajaribu. Alifumba macho, akatoa kitu kama "mwana", kisha kingine kisicho na kichwa wala miguu, kisha akaanza kulia. Mtoto wa miaka minane, nimemtwisha mzigo huo.

Niliingia chumbani kwa mzee, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga. Alikuwa bado anapumua, ila amefumba macho na taya limelegea. Nilisema naye Kinyakyusa. Kilitoka kibovu, cha mtoto, nikachanganya salamu na kuomba radhi. Nilimwambia ndaga kwa kuni, ndaga kwa njia ile, nilimwambia kwamba nilikuwa namwelewa tangu siku ya kwanza. Nilimwomba aseme tena. Pumzi ilipanda na kushuka, na kabla mvua haijakatika haikupanda tena.

Mume wangu alifika kesho yake jioni, nguo zimelowa tope. Alilia kwanza, kisha akatukalisha chini, mimi na binti yake, akauliza kama baba aliacha neno lolote. Binti yangu akanigeukia. Nikasema hapana, hakuacha.