Mtaalamu wa Samaki wa Ndundu

Ukishuka pale Ndundu, jirani na daraja, usinunue samaki kwa yeyote tu. Ulizia Mashavu. Atakukaangia, na ukitaka atakutajia jina la yule samaki kwa Kilatini, umri wake na alichokula kabla hajavuliwa. Ana shahada ya sayansi ya uvuvi. Shahada yenyewe imefungwa nailoni, iko kwa mama yake, kijijini Salale, juu ya kabati ambako panya hawafiki. Wachuuzi wenzake humtania: "Dada, hapa ni wewe peke yako unayefanya kazi uliyosomea!" Wanacheka, naye anacheka. Mimi sicheki, na mimi ndiye mcheshi wa ukoo huu, waulizeni.

Mimi ni mjomba wake, Mtoro. Shule niliishia la saba, na hilo la saba tulivumiliana tu na mwalimu. Lakini kwenye vijito vya delta sina mpinzani. Nimeendesha boti humo miaka thelathini na moja. Nifunge kitambaa usoni, nitakwambia tulipo kwa harufu ya tope. Maneno hayo nimeyasema mbele za watu mara nyingi, na watu wakayaamini. Balaa lilianzia hapo.

Mashavu alipomaliza chuo Dar, nilimtangaza boti nzima. "Abiria, mnamwona mpwa wangu? Huyu atawasimamia kamba wote wa Rufiji. Nyie mtapiga hodi kwake kabla ya kutupa nyavu!" Mwaka wa kwanza akaomba kazi, wa pili akaomba, wa tatu akaenda Mtunda kufundisha hesabu kwa kujitolea, kisha akarudi nyumbani kumenya kamba na mama yake. Nikipita nilikuwa namchokoza: "Mtaalamu, kamba wamekujibu?"

"Wamesema hawaongei na la saba, mjomba."

Ndiyo utani wetu huo.

Mwaka wa nne simu ikaita. Kulikuwa na mradi wa kufuga kaa, wanatafuta afisa. Wameitwa watu watano kwenye usaili, Mashavu mmojawapo: Jumatatu, saa nne asubuhi, Kibiti mjini. Dada yangu Mwanawetu alikaa chini palepale uani akalia. Kaa ndio aliowaandikia Mashavu utafiti wake wote wa chuo. Kazi ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo chake.

Sasa nisikilizeni. Kwetu huondoki unapotaka, unaondoka maji yanapotaka. Siku za bamvua kijito chetu hujaa mpaka mizizi ya mikoko haionekani, kisha maji hutoka mbio, na ukichelewa unalala kwenye tope mpaka yarudi. Saa tunazijua kwa umri wa mwezi. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo ukikosea mwezi siku moja, umekosea karibu saa nzima.

Ilikuwa Mfungo Mosi, na mwaka ule tulikuwa na Idi mbili. Sisi tulisikia redioni kwamba mwezi umeonekana ng'ambo, tukala pilau Ijumaa. Wengine wakangoja wauone kwa macho yao, wakala Jumamosi. Hakuna aliyegombana na mtu. Ila hesabu yangu ya maji niliianzia Ijumaa.

Jumapili jioni Mashavu akaniambia, "Mjomba, kesho tuondoke saa kumi na mbili kamili. Maji yatajaa saa kumi na moja na nusu."

"Nani kakwambia?"

"Nimepiga hesabu."

"Hesabu za ubaoni hizo. Kesho mwezi kumi na nane. Saa moja tunaondoka, na tunapita tukiimba."

"Kesho kumi na saba, mjomba. Ule wa Ijumaa ulikuwa bado..."

"Kwa hiyo mimi nilikula Idi ya uongo?"

Uani wote wakaangua kicheko. Nilifurahi, wallahi, nilijiona nimeng'ara. Mashavu akaenda kupiga pasi gauni lake.

Angeweza kupanda boti ya Sadallah, ambayo huwa inatoka alfajiri. Lakini kwetu mpwa hapandi boti ya mtu mwingine ilhali ya mjomba wake ipo. Angenivua nguo mbele ya kijiji. Sadallah mwenyewe alinisimulia baadaye: alimkuta dikoni, pale boti zinapofungwa, saa kumi na moja na nusu, gauni limepigwa pasi, viatu kwenye mfuko. Akamwita, "Mashavu, panda twende!" Akajibiwa, "Namngoja mjomba."

Mjomba alikuwa anakunywa chai.

Nilifika saa moja kasoro dakika kumi, chapati mkononi. Nikatazama mizizi ya mikoko, nikaona alama ya maji ilivyoshuka, nikajua. Palepale nikajua. Ningeweza kusema twende tukajaribu kupita kwa miguu, tuombe mtumbwi mdogo, chochote. Nikasema, "Panda, mtaalamu." Nikawasha mashine.

Tulifika karibu na mdomo wa kijito, panga la mashine likauma tope. Nikashuka kusukuma. Naye akashuka, gauni kalikunja, tope mapajani. Boti haikutikisika. Saa nne ilipofika akapanda, akapiga simu. Nikamsikia akisema, "Sawa. Asante. Nimeelewa." Kaa wadogo walikuwa wanatembea kwenye tope kandokando yetu, akawa anawasonta kwa kidole, taratibu: "Jike. Dume. Dume. Jike." Hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenitukana.

Maji yaliturudia saa kumi jioni.

Kazi alipewa kijana aliyesomea utalii. Mashavu akahamia Ndundu na karai lake.

Juzi nilikwenda kumwona. Nikiwa nimekaa kwenye benchi, ikasimama pikipiki, kijana akashuka na kofia ya mradi na ndoo ya kaa. Akajitambulisha: Haruni, afisa.

"Dada, nimeambiwa wewe unawajua kaa. Hawa nimewachanganya jike na dume, mwezi wa pili huu, hakuna yai."

Mashavu akafuta mikono, akamgeuza kaa mmoja chali, wa pili, wa tatu. "Wote madume hawa. Ona huku tumboni. Kifuniko chembamba, dume. Jike chake ni kipana, kimeviringa."

Haruni akatoa daftari, akaandika. Akauliza la pili, la tatu, la nne. Alijibiwa yote, na samaki wanageuzwa.

"Dada, umesomea haya?"

"Nimesomea. Hata kwenye usaili wa kazi yako niliitwa."

"Wewe? Sasa mbona hukuja?"

Mashavu akanitazama, kisha akarudisha macho kwenye mafuta.

"Muulize mjomba wangu huyu," akasema. "Yeye ndiye mjuzi wa maji."

Kijana akanigeukia kwa heshima zote, kalamu mkononi, akingoja niseme aandike.