Lori la Plastiki la Baba Akai

Ngozi mbichi ya mbuzi ikianikwa kwenye jua la Kakuma hunuka kwa hasira. Hunuka damu, chumvi na mkojo, na nzi huwa wamefika kabla hujamaliza kuitandaza. Mimi harufu hiyo hainisumbui, nimekulia ndani yake. Lakini siku hizi ikinipiga puani namkumbuka mjukuu wangu wa kike, Akai, alipokuwa mdogo, ule msimu aliokaa kwangu bila kutamka neno. Nausimulia utoto wake mimi, kwa maana mwenyewe alikuwa mdogo mno kuushika kichwani, na mama yake hapendi kuugusa.

Baba yake Akai alikuwa dereva wa lori, akileta unga na saruji Kakuma kutoka Lodwar. Mkwe mwema, mcheshi, hakuwahi kuja kwangu mikono mitupu. Siku moja sokoni Lodwar, kwenye rundo la mitumba, alipata mfuko wa vile vipande vya plastiki vinavyobanana kama matofali, na ndani yake mota ndogo na kisanduku cha betri. Akaketi chini na Akai wakajenga lori, kichwa chekundu, bodi ya manjano. Ukibonyeza kitufe linanguruma na kwenda lenyewe. Halikumaliza hata mwezi nyumbani, mvua ikanyesha mbali kwenye milima, huku kwetu mbingu zikiwa nyeupe kabisa. Anayeijua Turkana anaijua laga, mto wa mchanga unaolala mwaka mzima kama maiti na kuamka ghafla. Mkwe wangu alikuwa katikati ya mchanga maji yalipofika. Lori lake lilikutwa limelala ubavu. Yeye alikutwa mbali zaidi, na alivyokuwa sitaeleza. Tukamzika. Binti yangu Esther akarudi Lodwar kwenye kazi yake ya upishi, kwa sababu tumbo halikai matanga, akaniachia Akai na mdogo wake Lopeyok, ambaye bado alikuwa anatambaa.

Akai alikuwa amefunga mdomo. Watu wakimsalimu "Ejok!" aliwatazama kama mbuzi anayetazama ukuta. Alichoshika ni lile lori la plastiki tu. Sasa, vitu vile vimetengenezewa mtoto wa kukaa kwenye zulia. Mtoto wa hapa kwetu husukuma gari juu ya mawe, hulikalia, hulijaza mchanga, hulitupa. Kila likianguka lilisambaratika, na kila likisambaratika Akai alipiga ukelele uleule alioupiga kaburini. Nilikuwa nakusanya vipande na kuvibandika. Halafu Lopeyok akaokota taa ya mbele, kitu kidogo kama punje ya hindi, akaitia mdomoni ikamkwama. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu. Nikampindua kichwa chini juu ya goti, nikampiga mgongoni kwa kiganja mpaka ikaruka. Esther aliposikia akapiga simu.

"Mama, tupa hicho kitu chooni leo hii. Nimezika mmoja, siziki wawili."

"Nikikitupa, huyu mwingine utamzika akiwa anatembea."

"Basi nakuja mwisho wa mwezi," akasema. "Nikikuta kipande kimoja chini, nakitupa mwenyewe."

Wahenga husema mtoto akililia wembe mpe. Nadhani wahenga hao hawakuwa na mjukuu anayetambaa. Nikaanza kazi. Kwanza gundi ya fundi viatu, ambayo joto la saa nane liliilainisha, lori likamwagika kama maharagwe. Nikasema basi, nitalitendea kama tunavyotendea vyombo vyetu. Kwetu chombo cha mti cha maziwa kikipata ufa, unakivisha ngozi mbichi iliyolowa, unaishona ikiwa laini, unakiacha juani. Ngozi ikikauka hukaza, na ufa haufunguki tena. Kwa kazi hiyo mikono yangu inajulikana kutoka Kakuma mpaka Kalokol, na sijifichi kulisema. Nikalivisha lori ngozi, nikalishona vizuri, nikaliweka juani, Akai amechuchumaa kando analifukuzia mbwa. Kumbe mti huivumilia ngozi, plastiki haiwezi. Jua lilipofika utosini nikasikia ta! ta! kama bisi kwenye sufuria. Ngozi ilikuwa inaliminya lori kama chatu, na vipande vinachomoka kwenye mishono. Safari hii Akai hakupiga ukelele. Alilala kifudifudi mchangani, na tangu hapo akakataa chakula. Nilimtilia uji mdomoni, ukatoka ulivyoingia. Nimeona njaa nyingi maishani, lakini mtoto anayekataa chakula kilichopo ni njaa nyingine kabisa.

Aliyenitoa hapo ni Nyandeng, jirani yangu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayeuza chai karibu na kambi. Kwanza alicheka mpaka akashika kiuno. "Haboba," akaniita, yaani nyanya kwa Kiarabu chao, "nyinyi Turkana kila kitu ngozi! Mtu iko na homa, ngozi. Gari iko mgonjwa, ngozi!"

"Toa dawa yako basi, mlingoti wewe."

Akanyoosha mguu wake mrefu, akanionyesha kiatu chake cha tairi. "Hii inakubali mguu. Ngozi yako inagombana tu."

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tukaomba tyubu kuukuu kwa fundi wa baiskeli, tukaikata mikanda, tukalizungushia lori huku tunaivuta. Mpira hubana, lakini ukisukumwa hukubali. Mbele na nyuma tukashonea vipande vya soli ya tairi. Taa, vioo na kila kilichoweza kuingia mdomoni mwa Lopeyok tukaking'oa. Vyuma vya magurudumu tukavitengeneza kwa spoku, na kifuniko cha betri tukakifunga kwa waya, ncha zimekunjwa ndani. Ilibaki mota. Meno ya gia yalikuwa yanakatika kwa sababu Akai alisukuma lori kwa mkono wakati mota inavuta. Hapo nikakumbuka mashine ya posho. Mahindi yakizidi, mkanda huteleza na mashine inapona. Nikazitoa gia zote, nikatia ukanda mwembamba wa tyubu kati ya mota na gurudumu. Ukilizuia lori, mota inanung'unika bure. Ukiliachia, linaenda.

Nikamwita Akai. Mbele yake nikalibamiza lori kwenye mabati, nikalikanyaga, Nyandeng naye akalikalia na ukubwa wake wote. Halikutoa kipande. Lilikuwa baya, jeusi, kama beberu aliyebabuliwa manyoya. Akai akaligeuza, akavuta mipira, akaing'ata. Ndipo sauti ikamtoka, kavu kama mlango usiofunguliwa.

"Ata, halivunjiki?" Ata kwetu ndiyo nyanya.

"Halivunjiki."

"Hata maji yakija?"

"Litalowa. Halitavunjika."

Akafikiri. "Basi kwa nini hamkumfunga baba hivi?"

Nyandeng akageuka upande, akajifunika uso kwa shuka lake. Mimi nilitaka kusema habari za Mungu, yale tuliyoimba mazishini, nikayaacha. Nikasema, "Mtu hafungiki kwa mpira, mama." Akalipakata lori lake.

"Basi nipe uji."

Esther alikuja mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, akapekua sakafu kwa magoti, asipate cha kutupa. Lile lori liliishi mpaka Lopeyok naye akalichoka.

Sasa Akai anasoma Lodwar, anasema mpaka walimu wanalalamika. Pale kwenye laga malori bado yanapita mchangani. Na mimi nikijilinganisha naye naona ajabu. Nilipokuwa na umri wake, kule Lowarengak, baba yangu alichukuliwa na mamba ziwani. Tulichezea ng'ombe wa udongo. Mmoja akivunjika, ulifinyanga mwingine. Wakubwa wakasema jina la marehemu lisitajwe, nami sikulitaja, wala sikuuliza kitu. Nilinyamaza hadi wote waliokuwepo siku hiyo wakafa, na sasa hata nikitaka kujua alipambana na mamba mahali gani, na kama aliita mtu, hakuna wa kuniambia. Akai bado ananiuliza. Juzi alinipigia simu, hakuanza hata kwa salamu.

"Ata, baba alijua kuogelea?"

"Hapana," nikamwambia. "Hakujua."