Masikio ya Mungu wa Baba

Baada ya kumzika mama kule Matulo, nilimleta baba akae nami mtaa wa Tuwan, Kitale. Kila asubuhi aliomba kwa kupaza sauti mpaka majirani wakanung'unika. Siku moja nikamwambia, "Baba, Mungu si kiziwi."

"Mama yako alipougua niliomba kwa sauti ya chini, miezi mitatu. Angenisikia, si ungeona?"



"Mungu ni mzee kunishinda," baba akaendelea. "Masikio yake yamechoka."

Nilitaka kumwambia kwamba Mungu hazeeki kama sisi. Lakini nilielewa kwamba Mungu asiyesikia vizuri baba angeweza kumsamehe. Aliyesikia akanyamaza, hapana. Nikatoka kuwasihi majirani wamvumilie.