Aliyesema Upande Wake Uko Sawa

Mama mdogo wangu huvua viatu kila anapoingia chumba cha kompyuta. Watu hudhani ni heshima. Mwenyewe anasema viatu vinambana mpaka kichwani. Ni mnene, miguu yake midogo kama ya mtoto, na miwani yake ameifunga kwa kipande cha waya wa mtandao kwa sababu upande mmoja ulikatika. Ukimwambia anunue mingine anakujibu, "Ya nini, hii si bado inaona?"

Alianza na redio, akahamia simu, akaishia kwenye kompyuta. Maisha yake yote amekuwa fundi wa kuitwa: kikiharibika kitu anapigiwa, kikipona anasahauliwa. Mimi nakaa kwake tangu mama alipofariki, na shule niliiacha mapema, kwa hiyo mchana kutwa niko naye. Siongei sana. Akichoka na kimya changu huniuliza, "Wewe umechajiwa kweli leo?"

Mwenzake kazini tulimwita Tayari, maana ukimtuma kitu hujamaliza sentensi keshajibu "tayari." Mamdogo alimkuta akitembeza chaja mkononi, akamfundisha kuvuta nyaya, kubana vichwa vyake na kujua waya uliokufa na ulio hai. Alikuwa akila kwetu. Alikuwa na kikombe chake, na mtu mwingine akikitumia Mamdogo ananuna. Mimi nilimwita mjomba, ingawa hatuna damu moja.

Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Mamdogo anashika seva, ile kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, Tayari anashika nyaya na vyote vinavyoning'inia kwenye nyaya. Mmoja akisema, "Upande wangu uko sawa," mwingine haendi kuangalia. Mamdogo alisema kuangalia kazi ya mwenzako ni kama kumhesabia matonge.

Basi chuo kimoja kikawaita. Mkuu wa chuo alikuwa na chumba kizima cha kompyuta za mtihani, kila moja na ugonjwa wake. Mamdogo akamweleza: tutaitengeneza kompyuta moja, tuivishe kila kitu, halafu seva inayoendeshwa na Linux ipige picha, yaani nakala, ya mashine hiyo nzima. Nyingine zote zitawashwa kupitia waya, zitavuta picha ile, zitatoka pacha. Ikiharibika moja, unaivutia tena.

Mkuu alifurahi. Akasema mbele yetu sote, "Fundi, hiyo ikisimama kabla wanafunzi hawajarudi Jumatatu, wewe ndiye fundi wa chuo. Ajira ya kudumu. Isiposimama, nitasikiliza mtu mwingine. Nafasi ninayo moja tu."

Tukitoka, Tayari alimbebea Mamdogo begi. "Dada, hiyo kazi ni yako, umeshaikalia," akasema. Mamdogo alicheka hadi langoni. Sikuwahi kumwona akitembea namna ile, kama mtu aliyeambiwa sasa atapumzika.

Seva ikakataa.

Yaani ilifungika vizuri, haikulalamika hata kidogo. Lakini ukiwasha kompyuta ya mwanafunzi ili ivute picha, inakaa kwenye kioo cheusi, inaandika maneno meupe kwamba imepata anwani lakini haijaambiwa pa kwenda, inazima. Unawasha nyingine, inavuta vizuri. Unarudia ileile, inagoma. Mamdogo alilaumu ukuta wa ulinzi wa Linux, akaufungua. Akalaumu kadi ya mtandao, kwamba labda alipofunga seva alichagua isiyo yenyewe. Akafuta kila kitu, akafunga upya tangu mwanzo. Ikagoma vilevile.

"Tayari," akaita, "ile ruta ya jengo, ya intaneti, umeizuia kugawa anwani? Kusiwe na wawili wanaogawa humu."

Maana ndivyo ilivyo, alishanieleza. Kompyuta ikiamka kwenye waya haijijui. Inapiga kelele: nani atanipa anwani? Anayepaswa kujibu ni seva, kwa sababu ndiyo inayojua picha iko wapi. Akitokea mwingine akajibu kwanza, kompyuta inamsikiliza huyo, halafu inapotea.

"Niliizuia siku ya kwanza," Tayari akasema. "Upande wangu uko sawa, dada. Labda hiyo seva yako ina mapepo, tuiitie mchungaji."

Tukacheka. Mamdogo akarudi kujilaumu mwenyewe. Nilimwona akisoma tena mistari aliyoiandika, kidole juu ya kioo, midomo inatembea. Nyumbani hakula. Aliniuliza, "Au nimezeeka? Au vitu hivi vimenipita?" Nikamsogezea maji.

Ijumaa mkuu alipita, akasimama mlangoni. "Fundi, nimepata mtu ana njia yake. Anafunga moja moja kwa flashi, hana haja ya seva. Nikupe mpaka kesho?"

"Nipe mpaka kesho," Mamdogo akasema.

Jumamosi Tayari hakuja asubuhi, alisema anaumwa tumbo. Mamdogo alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, akiitazama seva kama mtu anayetazama mgonjwa. Halafu akainuka, akauchomoa waya wa seva. Akauacha unaning'inia. Akawasha kompyuta moja.

Ikapata anwani.

Hata mimi nilielewa. Seva haipo kwenye waya, na bado kuna mtu anajibu.

Akaenda kwenye swichi, pale nyaya zote zinapokutana, akaanza kuchomoa mmoja mmoja, mimi nikiwasha na kuzima kompyuta. "Bado?" "Bado." "Na sasa?" "Bado." Alipochomoa wa ofisi ya mkuu, kompyuta ilipiga kelele yake na haikujibiwa na yeyote.

Tulimkuta karani wa mkuu anapanga mafaili. Mamdogo akaufuata waya mpaka nyuma ya kabati, na pale kwenye vumbi palikuwa na ruta ndogo, mpya, haijatolewa hata nailoni yake, taa zinameta.

"Hicho?" karani akasema. "Si mwenzako alikileta? Alisema wewe ndiye uliyemtuma, ati intaneti ya mkuu iwe na kasi. Akanionya nisikichomoe hata nikifagia. Kwani kina shida, mama?"

Mamdogo alikichomoa taratibu, akakifuta vumbi na kanga yake.

"Hakina shida," akasema. "Kinafanya kazi vizuri sana."

Tulirudi. Akaunganisha seva, tukawasha chumba kizima, na kompyuta zote zikaanza kuvuta picha, mistari ile ya buluu ikijaa kwenye kila kioo kwa pamoja. Kitu alichokitamani wiki nzima, na hakukitazama. Alitazama mlango.

Tayari aliingia mchana, anacheka. "Ee! Mapepo yametoka?" Halafu akaona ruta juu ya meza.

"Nilikuuliza," Mamdogo akasema.

"Uliniuliza ya jengo. Ya jengo niliizuia kweli. Sikukudanganya, dada."

"Yule mwenye flashi aliyesemwa na mkuu ni wewe?"

Akajikuna shingo. "Nafasi ni moja. Wewe una jina, ukikosa hapa utaitwa kwingine. Mimi nani ataniita?"

"Mimi," Mamdogo akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuita."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Tayari alinitazama mimi, kama vile nitamsaidia, akasema, "Mwambie mama yako mdogo, ilikuwa ni kuchelewesha tu." Nilitazama vioo. Niliwaza kile kikombe, na mikono yangu iliyokuwa ikikiosha jioni zote hizo wakati ruta inameta nyuma ya kabati.

Mkuu alikuja mwenyewe, akapita kati ya meza akiguna kwa furaha. "Hapo sasa! Fundi, kazi ni yako, tena rasmi. Na huyu kijana nitamtafutia kifungu cha mshahara, awe msaidizi wako. Nyinyi si watu wa mkono mmoja?"

"Hapana, mkuu."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana. Ila akiniambia upande wake uko sawa, itabidi niinuke nikaangalie. Bora niwe peke yangu, nijue nimechoka kwa kazi yangu."

Mkuu alisubiri maelezo zaidi, hakupewa. Alimtazama Tayari, akaitazama ruta, akasema haya, kama ni hivyo. Akaondoka.

Mamdogo akaketi kwenye seva kubadilisha neno la siri. Mafundi wengine, mmoja akiandika neno la siri, mwenzake hutazama kando. Ndiyo adabu yao. Hawa wawili hawakuwahi. Maneno ya siri waliyataja kwa sauti, hata mimi nikiwa napita.

"Geuka," akamwambia.

Tayari hakuelewa kwanza. Halafu akageuka, akatazama ukuta, begi lake begani, na vidole vya Mamdogo vikaandika neno refu, mkono wa pili umefunika.

Na mimi nikageuka. Sijui kwa nini, miguu ilijigeuza yenyewe. Nikasikia vidole vimesimama.

"Wewe unageukia nini?" akaniuliza.

"Sijui, Mamdogo."

Nilisubiri aseme nimgeukie, nitazame, mimi ni wake. Nikasikia anaendelea kuandika, mimi bado nimetazama ukuta.