Mchanga Niliouosha Salamabila

Niliondoka kwetu, kijiji kilicho karibu na Kasongo, kwa sababu familia ilinituma kuosha vitu vya marehemu mdogo wangu, Bonifasi. Alikuwa mchimba dhahabu Salamabila, na shimo lilimwangukia. Alizikwa huko huko, sisi wa nyumbani hatukufika. Kwetu kilio hakimalizwi mpaka dada wa marehemu aoshe kwa mikono yake kila kitu alichokuwa akikitumia: nguo, sufuria, chepeo la kuchimbia. Ndipo vitu vinagawiwa na watu wanaanza tena kucheka. Nilinunua sokoni Kasongo sabuni ya mawese na chupa ya maji ya javeli, yale makali ya kung'arishia nguo, nikapanda pikipiki.

Njiani mvua ilikuwa imetutangulia. Kwenye vilima tulishuka na kusukuma, tope likifika magotini, na motari, mwenye pikipiki, akinitania kwamba mama mwenye sabuni nyingi namna hii haogopi kuchafuka.

Kijijini Wamaza tulilala kwa familia moja ya wakulima wa kanisa letu. Mama wa nyumba alinipa ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaniuliza ninakwenda kwa nani.

"Kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anakaa na mdogo wangu," nikasema.

"Mwanamke mumoja? Hana jina?"

Nilimtaja: Zaina. Mama yule alinitazama kidogo, kisha akaendelea kula. Kweli ni kwamba nyumbani hatukumkubali. Alikuwa Mwislamu aliyetoka mbali, upande wa mashariki, akiuza maharagwe kwa wachimbaji. Tulisema Bonifasi amepotea.

Salamabila nilifika jioni. Zaina alinikumbatia, akalia nami, akanipa kitanda chake, yeye na mtoto wao Fatuma wakalala chini kwenye mkeka. Fatuma alikuwa bado hajajua kutembea. Alipozaliwa aliharisha mara kwa mara karibu afe, ndipo Bonifasi akajenga pipa la kuchujia maji nyuma ya nyumba: kokoto chini, mchanga juu, na mpira mdogo wa kutolea maji. Haya Zaina aliniambia usiku ule, nami nilisikia kama mtu anayesikia habari za mvua ya mwaka jana.

Kesho yake asubuhi Zaina alikwenda sokoni na mtoto mgongoni. Nikaanza kazi yangu. Niliosha mashati, niliosha viatu, niliosha chepeo. Kisha nikafika kwenye pipa. Lilikuwa kazi ya mikono ya Bonifasi, basi lilinihusu. Nilipofunua kifuniko niliona juu ya mchanga utando wa rangi ya kahawia, unateleza, unanuka kama ukingo wa mto. Niliona haya kwa ajili ya mdogo wangu. Nilisema moyoni: huyu mwanamke ndiye ameacha pipa lioze. Nikatoa mchanga wote, nikausugua kwa sabuni, nikaumwagia javeli, nikausuuza mpaka maji yakatoka meupe. Utando wote niliumwaga kwenye migomba. Nilijisikia vizuri. Hilo nalo lazima niliandike.

Mchana Zaina alirudi. Nyuma yake alikuja jirani, Baba Neema, mchimbaji, na bidoni yake ya maji mkononi, maana nyumba kadhaa zilichota pale. Zaina aliingiza kidole kwenye mchanga, akakinusa.

"Yaya," akaniita, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, "hii muchanga umeifanya nini?"

"Nimeuosha. Ulikuwa mchafu sana."

Hakupiga kelele. Alikaa chini, mtoto bado mgongoni.

"Ile uchafu njo ilikuwa inafanya kazi," akasema.

Baba Neema akacheka kwa uchungu. "Mama wa Kasongo, kesho usikuje kuosha mugodi pia, tutakosa dhahabu!"

Zaina akanieleza kama Bonifasi alivyomweleza yeye, baada ya kufundishwa na muuguzi. Maji ya mto yanaleta bakteria, wadogo hata jicho haliwaoni. Wakifika kwenye chembe ya mchanga, kwanza wanaigusa tu, na maji yanaweza kuwabeba tena. Wale wanaobaki wanatoa ute kama gundi, wanajibandika, na wengine wanakuja kukaa juu yao. Wakiwa wengi, wanakuwa utando, na utando huo unanasa na kula vijidudu vya ugonjwa vinavyopita. Ndiyo maana Bonifasi alitafuta mchanga wenye kutu nyekundu, kutoka sehemu ya juu ya mto, kabla ya mahali wanapooshea dhahabu. Chembe zake zina mikwaruzo, na ile kutu inawavuta bakteria.

"Sasa itachukua muda gani?" nikauliza.

"Majuma na majuma. Na javeli uliyotia, kwanza itoke yote."

Maisha yangu yote nimekanyaga mawe ya mto yenye utelezi, na ndoo kichwani. Sikuwahi kujiuliza ni nini kinachoushika utelezi ule kwenye jiwe, wakati mkondo unapita mchana na usiku. Lakini aibu yangu haikutoka kwenye kutojua. Ningeweza kumngoja Zaina arudi nimuulize. Sikumngoja kwa sababu sikumhesabu kuwa mwenye nyumba.

Siku zilizofuata sikurudi nyumbani, ingawa mpunga wangu ulikuwa unangoja kuvunwa. Nilikata kuni, nikachemsha maji ya Fatuma na ya majirani. Kila asubuhi nilimwaga maji ya mto kwenye pipa, polepole, juu ya bati lenye matundu ili mchanga usichimbuke, na sikuuacha ukauke. Fatuma aliharisha mara moja. Nilikaa nimempakata kutwa nzima, siwezi kumtazama mama yake. Kumbe ni meno yalikuwa yanatoka. Zaina alicheka, mimi nikalia.

Siku ya kuondoka niligusa mchanga. Ulikuwa umeanza kuteleza, kidogo tu.

"Bado," Zaina akasema. "Lakini wameshika."

Nyumbani familia ilikusanyika, wakaniuliza kama nimeosha vyote. Nikawaambia yote, kama nilivyoandika hapa. Mjomba alikasirika, akasema kilio hakiwezi kuisha kwa aibu namna hiyo, tungoje mpaka pipa lile lifanye kazi tena. Tukangoja.

Baada ya mavuno motari alileta chupa kutoka kwa Zaina, maji meupe ya pipa lile, na ujumbe wa mdomo: muuguzi ameyakubali, Fatuma anakunywa. Shangazi alichukua chupa akaenda nayo jikoni kuyachemsha. Nilimfuata, nikaipokea mkononi mwake, nikarudi uani walipokaa wote, nikanywa.