Mama Vifaru na Uzio wa Kitana

Saa moja asubuhi, mteja wa kwanza hajafika saluni, lakini Mama Vifaru tayari ananyoa. Anayenyolewa si mtu. Ni mlima.

Mlima wenyewe ni magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano, yakafinyangwa, yakaanikwa juu ya bati, kisha yakapakwa rangi ya udongo. Jana ulioteshwa majani: nywele za kusukia za kijani, zilizobaki kwa binti mmoja aliyetaka kichwa chake kifanane na kasuku, akaghairi katikati. Leo majani yanapunguzwa kwa mkasi, na ulimi wa fundi umetoka pembeni mwa mdomo.

"Nyasi ndefu hivi, askari wangu wanapotea," anasema. "Askari mwenyewe urefu wake kidole gumba. Mwenzake atampata kwa harufu tu."

Jina alilopewa na wazazi linakaa kwenye kitambulisho. Mtaa mzima unamwita Mama Vifaru. Mtoto wa jina hilo hana, ila vifaru vyenyewe, vile vya vita, vimejaa rafu ya juu, pale ambapo saluni nyingine hupanga shampuu. Wateja wakiwa chini ya draya huvitazama, wakauliza, wakacheka, wiki inayofuata wakaja na mifuko ya makopo.

Ukishika kimoja mkononi, ndipo unapoelewa. Kiwiliwili ni kiboksi cha sabuni. Kichwa kinachozunguka ni kifuniko cha mafuta ya nywele. Mtutu ni mrija wa kalamu iliyokwisha wino. Na ile minyororo ya kutembelea, inayowashangaza wote, ni zipu za suruali kuukuu, zimezungushwa na kugandishwa kwa gundi. Rola za nywele zimekuwa matangi ya mafuta. Mswaki uliochakaa umekuwa kichaka.

"Nyumba hii kitu kikilala siku mbili, ya tatu kinaamka kifaru," analalamika mama mkwe wake, ambaye kiti chake kiko mlangoni kabisa, ili asipitwe na anayeingia wala na neno linalotoka. "Kifuniko cha poda yangu kiko vitani mpaka leo. Nimeomba kirudishwe, naambiwa eti bado kinalinda daraja."

"Mama, kimepandishwa cheo," anajibu mkwewe bila kuinua macho. "Sasa ni makao makuu."

Vita vyenyewe hupiganwa kila Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma ya saluni, juu ya mlango mkuukuu uliolazwa kwenye mapipa mawili. Majeshi ni mawili, dadu ndizo zinazoamua, na mwendo hupimwa kwa futi ya fundi cherehani. Kanuni kubwa ni moja, na hata mama mkwe anaijua: ukimwona adui, una haki ya kumpiga. Usipomwona, nyamaza, dadu uziache mezani.

Yote yalianza na mume wake. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu mpaka mgongo ukamgomea. Kwenye yadi za mizigo, wakisubiri zamu siku nzima, madereva walikuwa wakipigana vita vya vizibo vya soda juu ya turubai. Alipostaafu, akaletwa kwenye kochi.

"Mwanamume aliyezoea barabara, ukimkalisha anaanza kukagua sufuria," Mama Vifaru anakumbuka. "Mbona mfuniko huu si wake? Mbona chumvi iko kushoto? Nikasema huyu nisipompa kazi, tutaonana wabaya. Nikamtengenezea lori moja kwa kiboksi cha dawa ya meno. Alilizungusha mezani mpaka chai ikapoa."

Lori likataka barabara. Barabara ikataka daraja. Daraja likataka adui wa kulivunja. Adui akapatikana mlango wa tatu: Bucha, muuza nyama wa mtaa, ambaye amemwoa mdogo wake Mama Vifaru. Yaani dereva na Bucha ni wanyumba, wamechumbia kwa mama mmoja, na kwa miaka mingi hawakuwa na la kugombania. Sasa wakalipata.

Wakaja na wengine, nesi wa zahanati na fundi saa mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kipajini. Wateja waliosukwa wakawa hawaondoki. Wengine hutoa amri za vita kutoka chini ya draya. Na watu walipoanza kuagiza vifaru kwa ajili ya meza zao, kazi ya mikono ikaanza kulipa: kifaru kimoja huleta sawa na kusuka vichwa viwili, ingawa huchukua muda wa vichwa vitano.

"Hesabu hiyo usimwonyeshe mume wangu," anacheka. "Atasema nisuke."

Kisha likaja lile la uzio.

Miezi mitatu iliyopita, lori la dereva lilikuwa limejibanza nyuma ya uzio wa shamba. Uzio huo ni kitana kilichokatwa mpini na kusimamishwa, meno juu. Bucha akaelekeza mtutu wa kifaru chake, akachukua dadu. Waliokuwepo wanayasimulia maneno yaliyofuata kama watu wanaosimulia mechi ya fainali.

"Weka dadu chini, mwanyumba. Kuna uzio hapo."

"Uzio wa meno huo, si ukuta. Lori lako naliona mpaka namba."

"Huoni kitu. Unaona tamaa yako."

"Wewe ndiye umezoea kujificha. Kwenye mizani ya barabarani si ulikuwa unapita usiku?"

Kukawa na kicheko. Kingeishia hapo, yangeishia hapo. Lakini dereva, mbele ya nesi, mbele ya fundi saa na mbele ya wateja wawili wenye midomo isiyofungika, akajibu: "Heri mizani ya barabarani. Yako wewe inapima na kidole!"

Mambo ya mchezo ni mambo ya mchezo, lakini muuza nyama ukimgusa mizani, umemgusa jina. Bucha alikiokota kifaru chake, akakitia kwenye mfuko wa aproni, akatoka. Hata mama mkwe hakumuaga.

Jumamosi mbili za mwanzo wengine walikuja. Wakacheza vivyo hivyo, kama watu wanaokula bila chumvi. Kisha nesi akawa na zamu, fundi saa akawa na mafua, na mlango ule juu ya mapipa ukaanza kuwekewa nguo za kupigwa pasi.

Kwa Mama Vifaru hilo halikuwa jambo dogo. Amezaliwa katika nyumba ya watoto tisa na anasema hajui kulala kwenye ukimya. "Nilikuwa nasikia saa ya ukutani ikitembea," anasema. "Miaka yote sikujua ina sauti."

Yeye na mdogo wake hawakuacha kuonana. Waliendelea kupeana umbea kwenye kamba ya kuanikia nguo, na habari kutoka kwa Bucha hazikuwa njema.

"Dada, ananinunia mimi, kwani mimi ndiye niliyemtukana?" mdogo mtu anasimulia, akiwa na pini tatu mdomoni, maana yeye ni fundi cherehani na ndiye chanzo cha zipu zote. "Jioni anakitoa kifaru mfukoni, anakiweka mezani, anakielekeza mlango wa chumbani. Nikipita naambiwa, 'Nimekuona.' Sasa mimi ndiye adui! Mfanyeni arudi, nitapigwa mabomu nikipeleka chai."

Kulikuwa na hasara nyingine. Kuta zote za Mama Vifaru hutengenezwa kwa vile visahani vyeupe, vyepesi kama povu, ambavyo nyama huuzwa juu yake. Bucha alikuwa akimwekea vilivyovunjika. Ugomvi ulipoingia, visahani vikakoma, na bila visahani hakuna nyumba inayosimama.

Hapo ndipo alipoamua kujenga meza mpya. Si milima ya kubuni pekee tena, bali pia mtaa wao wenyewe: saluni, zahanati, cherehani, na katikati, bucha. Alianza na vyote visivyohitaji kuta. Barabara aliipaka. Taa za mtaani alizisimamisha kwa pini za nywele. Kuta akaziachia nafasi.

"Kwenda kuomba nilikataa," anasema. "Nilitaka aone nafasi ya duka lake iko wazi. Mdogo wangu nilimwambia kwa sauti kubwa pale kwenye kamba, na dirisha la bucha liko wazi."

Jumatatu ya wiki hii, alipofungua mlango wa nyuma, akakuta furushi la visahani, limefungwa kwa fundo lile la kamba ambalo hufungwa na muuza nyama tu. Hapakuwa na neno lolote.

"Lakini vilikuwa vimeoshwa kwa sabuni ya kunukia," anasema, akiinua kimoja puani. "Mwanamume asiyekutaka hakuoshei takataka."

Zamu ikawa ya mume wake. Alitumwa kununua nyama nusu kilo. Dereva aliuliza akifika aseme nini. Akaambiwa aseme nusu kilo. Aliporudi, mke alimdaka mlangoni.

"Kakupimia?"

"Kanipimia."

"Na wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilitazama dari."

Mama mkwe, kutoka kwenye kiti chake, akapiga makofi. "Hapo umeomba radhi, mwanangu."

Jumamosi inafika na chumba kinajaa kabla ya wakati. Nesi zamu imeisha. Fundi saa amepona mafua. Kuna wateja wenye vichwa nusu vimesukwa nusu vimetimka, na mdogo mtu ameleta kiti chake mwenyewe. Kilichobaki wazi ni upande mmoja wa meza. Mama Vifaru anafuta vumbi lisilokuwepo.

Bucha anaingia bila aproni, shati limenyooshwa. "Shikamoo, mama," anamwambia mama mkwe.

"Marahaba. Umekonda. Pita."

Anasogea mezani. Anaitazama barabara, anazitazama taa, kisha anainama kwenye duka lake. Mlango umepakwa nyekundu kama ule wa kweli. Ndani kuna vipande vya nyama, ambavyo ni ncha za mishumaa, vimening'inia kwenye waya. Na juu ya kaunta kuna mizani: vifungo viwili vya shati kwenye sindano, vimekaa sawasawa, hakuna kilichozidi mwenzake. Gundi imevuja, na kifungo kimoja ni cha bluu. Si kazi ya Mama Vifaru.

"Nani katengeneza hii?"

Wote wanamgeukia dereva. Dereva anatazama dari.

Bucha anatoa kifaru mfukoni, anakiweka mezani. "Haya. Nani anaanza?"

Kelele zinarudi zote kwa pamoja, kama maji yaliyokatika wiki nzima. Dadu zinarushwa, futi inavutwa, nesi anapoteza askari wanne na kudai ni majeruhi tu. Halafu, kama kwamba barabara zote za mji ule zinaelekea hapo, lori la dereva linajikuta nyuma ya uzio ule ule wa kitana, uliohamishiwa meza mpya, na mtutu wa Bucha unageuka taratibu.

"Namwona," anasema Bucha, kwa sauti ya chini.

"Haoni," anasema dereva, kwa sauti ya chini zaidi.

Mdogo mtu anafumba macho. Mama Vifaru anachukua simu, anawasha tochi, anailaza nyuma ya uzio, kisha anazima taa ya chumba. Watu wote wanainama mpaka macho yanalingana na meza.

Upande wa kulia wa uzio, mwanga unapita wazi, mistari mipana juu ya barabara. Upande wa kushoto ni giza tupu. Kitana ni kile cha kawaida: nusu meno mapana, nusu meno yaliyobanana. Bucha siku zote husimama kulia. Dereva siku zote hukaa kushoto, penye kiti cha kuegemea, kwa sababu ya mgongo.

Wanyumba wawili wanabadilishana nafasi bila kuambiwa. Kila mmoja anainama pale alipokuwa mwenzake.

"Kweli huoni," anasema Bucha.

"Namba zinasomeka," anasema dereva. Kisha anaongeza, haraka, kama mtu anayemeza dawa: "Na mizani yako haina kidole, mwanyumba."

"Najua haina. Miezi mitatu nimekunywa chai bila adui!" Bucha anapiga meza, askari wanaanguka. "Shemeji, balaa hili la kitana ulilitoa wapi?"

"Kwako, shemeji," anajibu Mama Vifaru. "Si ulikitupa mwenyewe, ulipokosa kazi nacho?"

Macho yote yanapanda polepole mpaka kwenye kichwa cha Bucha, kinachong'aa kwa mwanga wa tochi kama yai. Kicheko kinachofuata kinamtoa mama mkwe kitini. Anayecheka zaidi ni Bucha mwenyewe, akijipapasa utosi.

Baada ya mabishano marefu inaamuliwa kwamba, kwa kuwa kifaru kiko kulia, apige. Anapuliza dadu. Inatoa moja.

"Umeniona vizuri," dereva anamwambia, akimshika bega, "halafu umenikosa vizuri."

Chumba sasa hakitoshi. Wengine wanatazama vita kwa kupanda juu ya ndoo. Mama Vifaru ameshazungumza na mwenye nyumba, naye amekubali ukuta kati ya saluni na chumba cha nyuma ubomolewe, ili walio chini ya draya waamuru vita bila kupiga kelele na meza nayo iongezwe mlango wa pili. Bucha na dereva wamejitolea kuubomoa, na tayari wanabishana nani atashika nyundo.

Fundi saa anauliza kifusi kitapelekwa wapi.

Mama Vifaru anamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Kipelekwe wapi tena? Nina mji mzima uliopigwa mabomu, na nilikuwa nautafutia matofali."