Msimu wa Kurutu

Wiki jana nilikuwa ndani ya basi pale Stratford Road, limekwama kama kawaida yake mbele ya maduka ya nguo za harusi, nikawa napekua simu kupoteza muda. Nikaona habari kwamba yule kijana wa timu ya baba amestaafu. Kijana gani! Picha ilimwonyesha mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, anafuta machozi mbele ya waandishi. Weee, kurutu wetu amezeeka! Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja aliyekaa mbele akageuka kunitazama, halafu, sijui ilikuwaje, nikajikuta nalia, tena kile kilio cha aibu, cha makamasi. Nikashuka kituo ambacho si changu.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana ukisikia mtu wa Birmingham analilia mchezaji wa Marekani ambaye hata hajawahi kukutana naye, utadhani nimerukwa na akili.

Sisi tulikaa Nechells, kwenye nyumba za halmashauri, upande ule unaopakana na maghala. Baba alipakia maboksi katika ghala moja hapo karibu, mama alikuwa nesi. Mama ni Mluhya, baba Mtaita wa Voi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichowaoza na ndicho walichosemeshana jikoni. Mimi nilizaliwa hapa. Nilikielewa chote, hata wakinisengenya, lakini nikiulizwa kwa Kiswahili nilijibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu, maana watoto wote wa kanisani kwetu tulikuwa hivyo hivyo. Basi baba naye akazoea kunisemesha Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa kifupi na cha adabu, cha asante, samahani, hakuna tabu bosi. Nilimjua kama mtu mpole asiye na maneno mengi.

Na huo mpira je? Acha nicheke kwanza. Mwaka wake wa kwanza huku alinunua jaketi la mtumba, zito, lina nembo kubwa mgongoni. Yeye alitaka joto tu. Siku moja yuko kituo cha mabasi ya safari ndefu kule Digbeth, mzungu mmoja akamrukia, akamkumbatia, akaanza kumpa pole kwa sababu timu imefungwa. Baba akaitikia kila kitu, ndiyo, inauma, ndiyo kabisa. Alipofika nyumbani akaona vibaya kuwadanganya watu kwa jaketi, akaanza kuifuatilia hiyo timu. Ulikuwa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya bandia, na mpira wenyewe umechongoka kama yai. Ukamwingia damuni. Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni mimi na yeye kwenye kochi, bakuli la njugu katikati, madirisha yamefanya ukungu, televisheni inapiga kelele na sisi kimya.

Mwaka ninaokusimulia nilikuwa nakaribia kuanza sekondari. Timu ilikuwa imemwacha mkongwe wake aende, na mpira wote imemkabidhi kijana aliyetoka chuo juzi juzi. Katika mchezo ule kuna mmoja anayepokea mpira kila mara na kuamua nani apewe. Timu nzima iko mikononi mwake. Baba alimsubiri kijana huyo kwa hamu. Lakini mwezi wa saba kiharusi kikamwangusha bafuni. Alirudi nyumbani mkono wa kulia mzito, mdomo umepinda, na Kiingereza kimeondoka. Chote! Manesi wakimwuliza jina lake anawakodolea macho, mama akimwuliza kwa Kiswahili anajibu vizuri. Daktari alisema hutokea, lugha moja ikafutika nyingine ikabaki, na huenda ile iliyofutika ingerudi, huenda isirudi. Alituonya pia kwamba kiharusi kingine kinaweza kuja. Akasema tusimwache akae kimya, tumsemeshe kwa lugha aliyo nayo.

Lugha aliyo nayo! Mama alikuwa na shifti ndefu, hasa Jumapili. Aliyebaki na baba ni mimi, na mimi lugha hiyo sikuwahi kuitia mdomoni. Nilimsemesha Kiingereza polepole, nikarudia kwa sauti kubwa, naye akanitazama kama anayesikiliza redio iliyopoteza stesheni. Niliogopa, rafiki yangu, si kidogo. Niliona nimempoteza baba na bado amekaa mbele yangu.

Aliyeniokoa ni jirani yetu, mama mzee Singasinga aliyezaliwa Kisumu. Kwao walikuwa na duka, na Kiswahili alichohama nacho kilikuwa hicho cha dukani, cha kuagiza na kupatana bei. Alinikuta nimekaa ngazini nalia.

"Wewe toto, kwa nini lia? Baba kufa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi! Ingia, sema na yeye. Kiswahili hapana kasirika. Wewe sema tu."

Nikawa nakwenda kwake kila nikitoka shule. Jikoni kwake kulinukia samli na bizari. Mimi namenya vitunguu, yeye anasukuma chapati na kunifundisha: leta, weka, kwisha, bado. Jumapili ya kwanza ya msimu nikambebea baba ugali na maharagwe, nikajikaza.

"Baba, wewe kula. Chakula nataka baridi." Nilitaka kusema kinakaribia kupoa.

Akanyanyua kichwa. Mdomo ule uliopinda ukatetemeka, nikadhani amezidiwa, kumbe anacheka!

"Ala! Mwenye duka ameingia lini humu ndani?"

Hakuwahi kunitania hata siku moja kabla ya hapo. Mimi nikashangaa, nikacheka, nikamwaga maharagwe kwenye zulia. Yeye akazidi kucheka.

Mchezo ulipoanza tukakwama. Maneno yake yote ya mpira ule yalikuwa ya Kiingereza, na yamekwenda na maji. Basi tukayatunga mapya, mimi na yeye, Jumapili hadi Jumapili. Yule mwenye mpira tukamwita mgawaji, kama mama anavyogawa nyama mezani, kila sahani imenyooshwa na yeye ndiye anayeamua. Kijana mwenyewe akawa kurutu. Akibanwa na kulazwa chini na majitu yale, tulisema ameanikwa. Mpira ukidakwa na adui, tumeporwa. Kitambaa cha njano anachotupa mwamuzi kikawa leso. Mtu wetu akivuka mstari wa mwisho na mpira, amefika! Jirani yetu naye alikuja na birika la chai ya tangawizi, akakaa na kuuliza kila wiki, "Watu kubwa namna hii pigana kwa sababu ya yai?" Baba akamjibu kwamba yai hilo lina kuku wa dhahabu ndani, na mama yule akapiga paja lake kwa kicheko.

Kurutu alituua mioyo. Alianikwa, akaanikwa tena. Akirusha mpira, anamrushia adui mikononi kana kwamba anampelekea zawadi. Mimi nilikasirika, nikasema wamtoe. Baba akakataa katakata. Alikuwa anajifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, chai nusu iko kifuani, akaniambia, "Mwacheni mtoto wa watu ajifunze. Hapa sote makurutu."

Ikaja Jumapili moja, majani yameshaanguka, kurutu anaongoza kwa mara ya kwanza. Baba akasogea ukingoni mwa kiti na sauti ikamtoka, sauti ambayo sikuijua, nzito, ya kupanda na kushuka, "Mgawaji anarudi nyuma, anatazama kushoto, hakuna mtu, anatazama kulia, wanamjia, wanamjia, jamani atoroke! Ameurusha! Yai linakwenda, linakwenda, limedakwa, na huyooo, amefika! Amefika nyumbani kwao, mpikieni!" Alikuwa anatangaza kama wale wa redioni.

Sikusikia mlango. Mama alikuwa amesimama kwenye ukumbi mdogo, koti bado amevaa, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, machozi yanamtiririka.

"Huyo," akaniambia polepole, "huyo ndiye aliyenioa. Nilidhani alibaki Voi."

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza. Wakati wa mapumziko ya mchezo nilimwuliza baba mambo ambayo kwa Kiingereza hata hayakuwahi kunijia. Akanieleza kwamba utotoni alitaka kuwa mtangazaji wa mpira. Alitangaza mechi za shule amepanda juu ya dawati, kopo la rangi mdomoni, na mwalimu mkuu alipopita akamtangaza na yeye pia, jinsi anavyotembea, tumbo limetangulia. Alichapwa, na shule nzima ikamwomba atangaze tena. Aliigiza wajomba zake, makondakta wa treni, mchungaji wao mwenye kithembe. Alikuwa mwongo mtamu, mbishi, mcheshi kupita kiasi. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia haya yote.

"Kwa Kiingereza?" akasema. "Kwa Kiingereza mimi najua kuomba radhi tu."

Nilimshika ule mkono mzito nikaendelea kutazama mchezo. Nilimpenda vibaya sana jioni ile, na nilihofu sana, kwa sababu onyo la daktari halikunitoka kichwani.

Baridi ilipokolea kurutu akaanza kushinda. Timu ikashinda hii, ikashinda ile, mpaka ikabaki mechi moja ya kuamua kama itaingia mtoano au itakwenda nyumbani. Baba alianza kuitangaza siku nyingi kabla, akiwa kitandani, akiwa anavaa soksi. Kiswahili changu kilikuwa kimeshanyooka kidogo, ingawa alinisahihisha kila neno la tano na kunicheka kila la pili. Halafu, wiki ya mechi yenyewe, kiharusi cha pili kikaja. Hicho hakikuchagua lugha. Kilichukua zote.

Jumapili ile, wodini, mama alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, natazama mechi kwenye simu yangu. Kwenye vitanda vingine wazee walikuwa wamelala. Macho ya baba yalikuwa wazi, yanatazama dari. Mama akaniambia, "Mtangazie." Nikainama karibu na sikio lake nikamtangazia mechi nzima kwa sauti ya chini, mgawaji anarudi nyuma, anatazama kushoto, leso imeanguka, kurutu ameanikwa, ameamka, anaendelea. Zilibaki dakika chache timu yetu ikawa nyuma kidogo tu, na mpira tunao sisi. Nilijiambia, ujinga wa mtoto, kwamba huyu akifika baba atageuka anitazame. Kurutu akarudi nyuma, akaurusha.

"Tumeporwa, Baba," nikamwambia.

Hakugeuka. Sijui kama alisikia hata neno moja. Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, mama yuko naye na mimi niko shule. Mwalimu alinifuata darasani, na kabla hajafungua mdomo nilijua.

Kurutu alirudi msimu uliofuata, na mingine mingi, akawa mkubwa, akabeba na kombe. Sikumtazama. Jirani yetu alihamia Leicester kwa mwanawe, akafia huko, na jikoni kwake sasa wanakaa wanafunzi. Lile ghala la baba limekuwa ukumbi wa muziki, vijana wanapanga foleni pale alipokuwa akisubiri shifti. Kiswahili ninacho, asante Mungu. Naongea na Wakongomani sokoni, na manesi wa kanisani wananisifu, wananiuliza nilijifunzia wapi, nawajibu nyumbani. Lakini mgawaji, kuanikwa, leso, hayo siwezi kumwambia mtu. Tulikuwa wawili tu tunaoyasema.

Hatukuwahi kumrekodi. Simu nilikuwa nayo mkononi kila Jumapili na hatukufikiria, nani hufikiria? Sauti pekee ya baba iliyobaki iko kwenye laini yake ya zamani, ambayo mama amekataa kuikata. Ukipiga, inakuambia kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba samahani, hayupo, tafadhali acha ujumbe. Mama huipiga siku za sikukuu, anasikiliza, analia, anakata. Huniletea nami simu nisikie, na mimi hutoka chumbani. Huyo anayeomba radhi ni mtu mpole niliyekaa naye nyumba moja tangu nizaliwe. Baba nilikutana naye msimu mmoja tu, na sauti yake sina.